Vitendawili Mia Tatu na Kumi na Viwili

BENEDIKTO: Haloo! Ghala la mbao hapa, Temeke. Nani mwenzangu?

ANJELINA: Shikamoo, mzee.

BENEDIKTO: Marahaba. Nani? Sema kwa nguvu, huku wanapasua gogo la mninga.

ANJELINA: Siwezi kusema kwa nguvu. Ni mie Anjelina. Wa Chama.

BENEDIKTO: Aa, Anjelina! Katibu msaidizi! Hujambo, mwanangu? Watoto wa shule hawajambo?

ANJELINA: Hatujambo, mzee, lakini salamu tuzifupishe. Niko ofisini kwa Mwalimu Projestus, mwenyekiti wa kamati, hapa shuleni Kinondoni. Yeye na wenzake wako barazani, wanakunywa chai. Bwana wako yupo?

BENEDIKTO: Kaenda kula. Akishakula hulala kidogo kwenye kiti. Tuna nusu saa. Kwani kuna nini?

ANJELINA: Leo ni Mapitio, mzee.

BENEDIKTO: Najua ni Mapitio. Kila mwaka wa tatu vikundi vyote vya uchunguzi vya Chama vinapimwa. Taarifa yetu si nimeileta mwenyewe, kwa baiskeli, kwa mkono wangu huu?

ANJELINA: Umeileta. Ndiyo hiyo iliyoleta balaa.

BENEDIKTO: Balaa gani? Tumekutana mara sitini na nne! Kundi la Nyota wamekutana mara moja, na siku hiyo palikuwa na mawingu!

ANJELINA: Kundi la Nyota limefungwa, saa tano asubuhi. Kundi la Samaki limepita, ijapokuwa taarifa yao ilikuja na vielelezo, na madirisha mpaka sasa yako wazi. Kundi la Ndege limepita kwa sifa. Mmebaki nyie. Wakimaliza chai wanapiga kura, na mzee... wanataka kuwafunga.

BENEDIKTO: Wanataka nini?

ANJELINA: Kuwafunga. Kundi la Vitendawili lisiwepo tena.

BENEDIKTO: Ngoja nikae chini. Endelea.

ANJELINA: Mzee, ile karatasi nimeipiga taipu mimi. Safu ya kwanza, nambari. Safu ya pili, kitendawili. Safu ya tatu, jibu. Si ndiyo? Sasa kwenye safu ya jibu mmeandika nini?

BENEDIKTO: Tumeandika inavyotakiwa.

ANJELINA: Mmeandika "Toa mji". Mara mia tatu na kumi na mbili! Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, toa mji, toa mji, toa mji. Nilifikiri nimeugua homa.

BENEDIKTO: Na wametoa?

ANJELINA: Wametoa nini?

BENEDIKTO: Mji! Walioshindwa kitendawili wanatoa mji ndipo wanapewa jibu. Wewe umekulia wapi, Anjelina?

ANJELINA: Masasi, na najua, mzee, najua! Lakini ile ni kamati! Mwalimu Projestus kagonga meza, kasema swali lisilo na jibu si uchunguzi, ni usumbufu. Gaspar wa forodha kasema apendavyo mwenyekiti. Adelard yule dresa wa hospitali kasema hivyo hivyo. Na Kundi la Ndege wameshaomba kurasa zenu za kwenye Jarida la Chama.

BENEDIKTO: Ndege! Kurasa zangu wapewe kunguru!

ANJELINA: Taratibu, mzee —

BENEDIKTO: Nitakwenda na uso gani kwa Bi Mwanakombo? Hebu nambie. Yule mama anatoka Mtoni kwa miguu, na goti lake lile, kila Jumapili tunapokutana, miaka mitatu. Vitendawili mia na tisini kati ya hivyo ni vyake. Kavipata kwa bibi yake. Hajaomba hata chai. Kaomba kitu kimoja tu, jina la bibi yake liandikwe kwenye Jarida, wajukuu walisome. Nami nikamwahidi. Mie Benedikto, mbele ya watu.

ANJELINA: Ndiyo maana nimepiga simu. Nikikamatwa nafukuzwa, maana katibu wa Mapitio haruhusiwi kuzungumza na kundi linalopimwa. Kwa hiyo, tafadhali, baba yangu. Nina penseli. Nisomee majibu, niyaandike haraka haraka, niseme karatasi ya pili ilikuwa imebaki kwenye bahasha.

BENEDIKTO: Siwezi.

ANJELINA: Mzee!

BENEDIKTO: Siwezi, mwanangu. Bi Mwanakombo alinitolea sharti siku ya kwanza kabisa. Jibu bila mji ni wizi. Kila jibu nililo nalo, nimelinunua kwa mji. Nimetoa miji mpaka ikaniishia, nikawa natoa stesheni za reli.

ANJELINA: Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, eh?

BENEDIKTO: Usinichokoze. Wewe unataka jibu? Toa mji.

ANJELINA: [anacheka kwa kujizuia] Mzee, hatuna wakati wa mchezo.

BENEDIKTO: Taja nambari.

ANJELINA: ... Nambari tano. "Nimemfukuza mlangoni, nimemkuta mezani." Hii imenikera wiki nzima. Ni paka.

BENEDIKTO: Siye.

ANJELINA: Mama mkwe.

BENEDIKTO: Siye, na nitamwambia mumeo. Toa mji.

ANJELINA: Haya. Nakupa Tabata.

BENEDIKTO: Tabata! Watu wanatoa Unguja na Mombasa, wewe unanipa Tabata! Haya. Nimekwenda Tabata, nimekanyaga miiba, nimekuta mihogo mirefu hata mwenye shamba haonekani. Wakanikaribisha, wakanifanya jumbe, nikahukumu kesi mbili za mbuzi. Nimekula, nimeshiba, nimerudi. Nzi.

ANJELINA: Nzi! Ala! Kumbe nzi! [anacheka] Sasa nimetulia roho. Haki ya Mungu nimetulia.

BENEDIKTO: Umeona? Ungesoma tu kwenye safu ya tatu, "nzi", ungecheka?

ANJELINA: Nisingecheka.

BENEDIKTO: Basi.

ANJELINA: Lakini vimebaki mia tatu na kumi na kimoja, mzee, na chai inakwisha. Nikikupa mji kwa kila kimoja tutamaliza Krismasi. [anashusha sauti] Ngoja. Mtu anakuja.

BENEDIKTO: Mwalimu?

ANJELINA: Gaspar. [kimya] — Hapana, Bwana Gaspar, nilikuwa... nauliza habari za madawati. Ndiyo. Mbao. — Eh? — Nani alicheka? Mimi? — [kimya] Mzee, amesikia neno "nzi".

BENEDIKTO: Mungu wangu.

ANJELINA: Hajakasirika. Anasema... mzee, anasema, "Nambari tano ni nzi?" Kashika kichwa. Sasa anauliza, kumi na saba ni nini?

BENEDIKTO: Kumi na saba. "Kiti changu hakikaliwi na mtu, hukaliwa na mtungi." Mwambie atoe mji.

ANJELINA: Anasema Kimbiji. Kwa shemeji yake.

BENEDIKTO: Nimekwenda Kimbiji, njia mbaya, nimesukuma baiskeli kuliko nilivyoipanda. Shemeji yake kanichinjia jogoo, kaniuliza mbona Gaspar haji na ule wavu aliouazima. Nimekula jogoo, nimerudi. Ni kata, ile ya kitambaa, wanayoiweka wanawake kichwani chini ya mtungi.

ANJELINA: Bwana Gaspar, ni kata. — Na shemeji yako anautaka wavu wake. — [kicheko] Mzee, anacheka mpaka kakaa juu ya sanduku la chaki! Anauliza umejuaje habari za wavu?

BENEDIKTO: Sijui chochote. Kila mtu ana kitu cha shemeji yake. Anjelina, hao wakipiga kura, huyo Gaspar —

ANJELINA: Kaondoka mbio barazani. Simu inakwaruza, unanisikia?

BENEDIKTO: Nakusikia kwa mbali. Sema.

ANJELINA: Nakuibia siri nyingine, maana moja nimeshaiba. Ile nakala ya Mwalimu Projestus iko hapa mezani kwake. Nambari arobaini na moja kaipigia mstari. Kisha kaipigia mstari tena, kwa wino. Pembeni kaandika "mbwa", kakata. "Mvua", kakata. "Kuku", kakata mpaka karatasi imetoboka.

BENEDIKTO: Arobaini na moja... "Nimemwita hakuja, nimenyamaza kaja."

ANJELINA: Hiyo hiyo.

BENEDIKTO: Kumbe! Kumbe haijui! Hasira zote zile, kumbe haijui!

ANJELINA: Gaspar alipomwuliza juzi alisema anaijua ila hataki kuwaharibia.

BENEDIKTO: [anacheka] Basi dawa tumeipata. Mwambie atoe mji.

ANJELINA: Nimwambie mie? Mwalimu Projestus? Mzee, yule bwana miaka ishirini na miwili ni mwalimu, hajawahi kusema "sijui". Mtoto akimwuliza asilolijua humpa adhabu ya kulitafuta mwenyewe. Kutoa mji ni kukiri umeshindwa, na yeye hakiri.

BENEDIKTO: Ndiyo hivyo sasa. Akitoa mji, atajua kwa nini safu ya tatu iko vile, na hatatufunga. Asipotoa, atufunge asijue mpaka anazeeka. Nenda, mwanangu. Bi Mwanakombo ana umri wa sabini na ngapi sijui. Mapitio mengine ni baada ya miaka mitatu. Mie naogopa, Anjelina. Nakwambia kweli, naogopa.

ANJELINA: Usikate. Naiweka simu mezani.

BENEDIKTO: Sikati. [kimya] Haloo? [kimya] — Eh, Fransis, ziache hizo mbao hapo nje, mie niko kwenye simu ya maana. — Maana gani? Maana ya kwangu! [kimya] Haloo?

ANJELINA: Mzee.

BENEDIKTO: Haya, kasemaje?

ANJELINA: Kasema yeye ni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati, wala hachezi michezo ya watoto jikoni.

BENEDIKTO: Aa.

ANJELINA: Kisha akasema, kura ipigwe sasa hivi. Akamwuliza Gaspar kwanza. Gaspar akasema kundi lifungwe...

BENEDIKTO: Msaliti! Nimemsafiria mpaka Kimbiji!

ANJELINA: Ngoja nimalize! Lifungwe, ila kwanza apewe nambari kumi na nane, kumi na tisa na ishirini. Adelard naye kasema anaunga mkono, ila anatoa Bagamoyo kwa ile ya tisini. Wakaanza kubishana, kila mtu anataja mji. Chai imemwagika juu ya taarifa ya Ndege.

BENEDIKTO: [anacheka] Mungu hamtupi mja wake.

ANJELINA: Na Mwalimu anawatazama tu. Sasa — mzee, anakuja. Anakuja huku! Anaingia!

BENEDIKTO: Mwenyewe?

ANJELINA: [kimya] Ndiyo, Mwalimu. — Ni yeye, Mwalimu, Mzee Benedikto wa Temeke. — Najua hairuhusiwi, Mwalimu. — Ndiyo, nitaandika barua ya kujieleza. — [kimya] Mzee, kasimama dirishani, kanipa mgongo. Anasema hachezi. Ila anataka kujua, kwa ajili ya kumbukumbu za kamati tu, kama mtu angetaja mji, ingekuwaje.

BENEDIKTO: Kwa ajili ya kumbukumbu tu, atatajiwa jibu.

ANJELINA: Anauliza mji wowote?

BENEDIKTO: Wowote. Hata kijiji.

ANJELINA: Anafuta miwani.

BENEDIKTO: Mwache. Usimharakishe.

ANJELINA: ... Kasema. Kasema Kamachumu.

BENEDIKTO: Kamachumu?

ANJELINA: Kwao. Uhayani, ng'ambo ya ziwa. [ananong'ona] Mzee, mama yake yuko huko, mzima. Barua zake huja hapa shuleni, anaandikiwa na padri. Miaka kumi na moja Mwalimu hajaenda. Kila likizo anasema kuna kazi ya Chama. Tahadhari, mzee, usiseme la kumuumiza. Umewahi kufika huko?

BENEDIKTO: Sijafika. Lakini wakati wa vita na Wajapani, kule Bama, nililala hema moja na Wahaya watatu. Kila jioni walikuwa wanarudi kwao kwa mdomo, mpaka mie nikaijua njia. Isogeze simu, asikie mwenyewe.

ANJELINA: Nimeigeuza. Kageuka kidogo. Sema, mzee, sema kwa nguvu.

BENEDIKTO: Mwalimu, umenipa Kamachumu, nami nimekwenda. Nimepanda garimoshi, nimepanda meli, nimetapika kwenye meli, sioni haya kukwambia. Nimefika na umande. Migomba pande zote, nikitaka kuliona jua inanibidi niulize. Nikapiga hodi kwenye nyumba moja ya msonge, nyasi mbichi zimetandikwa chini. Wakanipa kahawa ya kutafuna, kwenye kiganja. Wakanipa ndizi zimepikwa ndani ya majani yake, na senene wa kukaanga, wale panzi wa kwenu, nikala nikasahau kwetu. Unanisikia, Mwalimu?

ANJELINA: Anakusikia. Endelea.

BENEDIKTO: Kisha bibi mmoja akatoka jikoni. Akaniuliza, wewe mgeni, unatoka pwani? Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, Projestus wangu hajambo? Nikamwambia hajambo, mama, ni mwalimu mkuu, watu wanamwogopa, anavaa miwani. Akasema, miwani? Tangu lini anavaa miwani? Nikamwambia, mama, hilo mie silijui, nimekuja mara moja tu. Akaingia ndani, akafunga senene kwenye jani la mgomba, akanipa. Akasema nikuletee. Nikaaga, nimerudi. Arobaini na moja ni usingizi, Mwalimu. Unauita hauji, ukinyamaza unakuja wenyewe. Haloo? Nimekosea? Anjelina! Nimemuudhi?

ANJELINA: Hapana. Subiri kidogo, mzee. [kimya] Amekaa. Kachukua kiti changu. Gaspar na Adelard wako mlangoni. [simu inakwaruza] — Ndiyo, Mwalimu. Naandika. — Mzee, ananisomea, nikusomee?

BENEDIKTO: Soma, mama, soma! Nasikia motokaa huku!

ANJELINA: "Kamati imeona ya kuwa Kundi la Vitendawili lina uhai. Litaendelea kwa miaka mitatu mingine. Kurasa zake zisiguswe na kundi lolote." Kasisitiza "lolote", kamtazama Adelard, maana Adelard ndiye rafiki wa Ndege. "Safu ya tatu ipigwe chapa kama ilivyo, na msomaji anayetaka jibu alete mji kwa barua." Halafu anauliza, bibi yake Bi Mwanakombo aliitwa nani? Jina liwekwe juu ya ukurasa wa kwanza.

BENEDIKTO: Mwanaidi. Aliitwa Mwanaidi binti Shomvi. Andika kwa herufi kubwa, Anjelina.

ANJELINA: Nimeandika kwa herufi kubwa. Mzee, unalia?

BENEDIKTO: Vumbi la mbao. Hapana, nalia, kwani kuna ubaya? Nalia kwa furaha. Jumapili nitakwenda mwenyewe mpaka Mtoni, nimchukue na baiskeli, asitembee. — Fransis! Ni motokaa ya nani hiyo? — Yake? Mbona hakulala leo! — Anjelina, bwana mkubwa yuko getini. Nakata!

ANJELINA: Asante, mzee, asante sana, msalimie Bi —

BENEDIKTO: Asante wewe, mwanangu, umejitoa mhanga, ile barua ya kujieleza nitakusaidia kuandika. Haya, kwaheri —

ANJELINA: Usikate! Mzee, usikate! Mwalimu anauliza kitu!

BENEDIKTO: Haraka! Anafunga mlango wa motokaa!

ANJELINA: Anauliza... anauliza yule mama. Alipotoka jikoni. Alikuwa anatembea mwenyewe, au alishika fimbo?

BENEDIKTO: Mwambie sikuangalia miguu, niliangalia senene. Akamtazame mwenyewe, shule zinafungwa Desemba. — Ndiyo, bwana mkubwa! Mteja, bwana, wa Kinondoni, anauliza mbao za madawati! — Ndiyo, mama, zipo, zipo nyingi, karibu sana, kwaheri!

ANJELINA: Haloo? Haloo? [kimya] Amekata, Mwalimu. Anasema ukamtazame mwenyewe.